Namba Zilizobaki Ukurasani: Maisha ya Cecilia Payne

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi waliokuja kusikiliza habari za elimu ya nyota. Waliokosa kufika wameniomba niiandike, nami naiweka hapa yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Walimu wangu, wazazi wangu, shikamooni. Na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni, hamjambo?

Nianze kwa kuwauliza swali jepesi. Jua limeundwa kwa kitu gani?

Nimesikia. Hidrojeni na heliamu. Vizuri sana. Karibu robo tatu ya uzito wa Jua ni hidrojeni, na karibu robo iliyobaki ni heliamu. Vingine vyote mnavyovijua, chuma, kaboni, oksijeni, dhahabu, vinagombea sehemu kama mbili katika kila mia. Jibu hilo mmelitoa kwa sauti moja, bila kusita, kama watu wanaotaja siku za juma.

Sasa la pili. Nani alikuwa wa kwanza kulijua?

Mnaona mlivyonyamaza. Wala siwalaumu. Aliyetueleza kwa nini vitu huanguka mnamjua, na tufaha lake mnalijua. Aliyetueleza kuhusu mwanga na wakati mnamjua, hata nywele zake mnazijua. Lakini mtu aliyekuwa wa kwanza kutazama nyota na kuhesabu kilichomo ndani yake, huyo jina lake halijatufikia.

Jina lake ni Cecilia Payne. Alikuwa na miaka 24 alipoipata hesabu hiyo. Aliichapisha mwaka 1925 ndani ya kitabu, na humo ndani ya kitabu hichohicho kuna vitu viwili ambavyo ndivyo vilivyonileta mbele yenu leo. Kimoja ni namba. Kingine ni sentensi inayosema kwamba namba hiyo karibu kwa hakika si ya kweli. Namba ni yake, na sentensi ni yake. Namba ilikuwa na haki, sentensi ilikosea. Ilikuwaje mkono mmoja ukaandika yote mawili?

Tuanze mbali kidogo.

Cecilia alizaliwa mwaka 1900 huko Wendover, Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, mama akabaki na watoto watatu. Fedha za kumsomesha chuo kikuu mama hakuona sababu ya kuzitumia kwa binti, maana alikuwapo kijana wa kiume wa kusomeshwa. Binti akajitafutia mwenyewe. Mwaka 1919 akapata ufadhili wa kuingia Newnham, chuo cha wanawake pale Cambridge, na akaanza na botania, kemia na fizikia.

Mwaka huohuo, mwezi Mei, mtaalamu wa Cambridge aitwaye Arthur Eddington alikuwa Príncipe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya pwani ya magharibi ya bara letu. Tarehe 29 Mei Jua lilipatwa kabisa, giza likaingia mchana, na Eddington akapiga picha za nyota zilizoonekana kandokando ya Jua. Alitaka kujua kama mwanga wa nyota hupinda ukipita karibu na Jua, kama Einstein alivyosema. Ukapinda. Aliporudi akatoa mhadhara, na watu wakagombania tiketi.

Cecilia hakuwa na tiketi. Rafiki yake ndiye aliyekuwa nayo, akashindwa kwenda, akampa. Tiketi ya mtu mwingine, ndugu zangu! Aliingia ukumbini mwanafunzi wa botania, akatoka mtu mwingine kabisa. Alirudi chumbani kwake akauandika mhadhara wote, karibu neno kwa neno, kutoka kichwani. Amesimulia mwenyewe kwamba kwa siku tatu hakupata usingizi wa maana. Zilipopita siku hizo tatu alikwenda kusema kwamba anahamia fizikia.

Nawaombeni mlishike hilo, kwa sababu huwa tunawaambia vijana wachague masomo kwa kuangalia ajira. Huyu alichagua kwa kukosa usingizi.

Na fizikia yenyewe haikumpokea kwa mikono miwili. Mihadhara ya mwanafizikia Ernest Rutherford ilikuwa na utaratibu kwamba wanawake wakae mstari wa mbele. Mwanamke katika darasa lile alikuwa mmoja, yeye. Basi akae peke yake, mstari mzima, migongoni mwake vijana wa kiume. Rutherford alikuwa akianza kila mhadhara kwa kumkazia macho na kusema, "Mabibi na mabwana." Bibi mwenyewe ni mmoja. Na kila mara vijana walipiga makofi na kukanyaga sakafu kwa vishindo. Kila mara. Aliandika uzeeni kwamba alikuwa akitamani ardhi ipasuke aingie, na kwamba mpaka siku ile anaandika, akiingia katika ukumbi wowote wa mihadhara, miguu humpeleka yenyewe mpaka kiti cha nyuma kabisa.

Mabinti mliokaa kule nyuma, nimewaona tangu nilipoingia. Tutaonana baadaye kidogo.

Kulikuwa na usiku ambao chuo kilifungulia watu wote kituo cha darubini. Cecilia akaenda, akaanza kumuuliza msaidizi wa zamu maswali juu ya mwanga wa nyota, na maswali yakawa mazito mpaka yule bwana akaenda mbio kumwita mkubwa wake: kuna mwanamke kule nje, anauliza maswali. Mkubwa mwenyewe alikuwa Eddington. Binti akamwambia waziwazi kwamba anataka kuwa mwanaastronomia. Jibu la Eddington lilikuwa fupi: haoni kizuizi kisichoshindika.

Vizuizi vilikuwapo, na vingi. Mwaka 1923 alimaliza masomo yote na hakupewa shahada, kwa sababu Cambridge ilikuwa haijaanza kuwapa wanawake shahada. Ilianza mwaka 1948. Njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa kufundisha katika shule ya wasichana. Ualimu ni kazi yangu na naipenda, lakini haikuwa yake. Akamwomba nafasi Harlow Shapley, mkuu wa kituo cha darubini cha Harvard, Marekani. Shapley akampatia fedha kidogo za ufadhili, naye akapanda meli.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie, kwa sababu hapa ndipo kazi yenyewe ilipofanyika, na kazi ya sayansi husimuliwa haraka mno, kama vile mtu huamka tu asubuhi na ugunduzi mkononi.

Harvard walikuwa wameanza muda mrefu kupiga picha za anga kwenye vioo. Vioo hasa, vyembamba kama vya dirisha, upande mmoja umepakwa dawa ya picha. Leo ghala lile lina vioo zaidi ya laki tano. Kwa vioo vingi, mbele ya darubini uliwekwa mche wa kioo uliotawanya mwanga, kwa hiyo nyota haitokei kama nukta. Inatokea kama utepe. Ukikiinua kioo kuelekea dirishani unaona mamia ya vitepe vya kijivu vilivyolala vyote upande mmoja, kama mvua iliyogandishwa. Chukua sasa lenzi ya kukuza, usogeze jicho karibu na utepe mmoja. Unakatwa na mistari myembamba, mingine imekolea, mingine ya kubahatisha, mingine huna hakika kama ni mstari au ni vumbi. Kila mstari ni atomu fulani iliyomeza rangi yake pale kwenye nyota. Chuma kina mistari yake. Kalisi ina yake. Hidrojeni ina yake. Ni kama alama za vidole.

Wanawake wa Harvard walikuwa wamekwisha kuusoma utajiri huo. Annie Jump Cannon, ambaye masikio yake hayakusikia vizuri, alikuwa amepanga nyota laki kadhaa katika makundi kwa macho yake tu, utepe kwa utepe. Alijua kila nyota ni ya kundi gani. Kwa nini ni ya kundi hilo, hilo halikuwa limejibiwa.

Mistari yenyewe ilionekana kuwa na jibu rahisi. Katika mwanga wa Jua mistari ya chuma ni mingi mno, ya hidrojeni ya kuhesabika. Basi si ndiyo hivyo? Chuma kingi, hidrojeni kidogo. Wataalamu wakubwa waliamini kwamba Jua lina mchanganyiko uleule wa Dunia. Ukiipasha Dunia yetu moto kiasi cha Jua, mwanga wake utafanana na wa Jua. Ilikuwa fikra ya maana. Mtu yeyote mwenye macho angeikubali.

Wahenga wanasema debe tupu haliachi kutika. Sisemi chuma ni debe tupu, lakini nawauliza, je, wanaopiga kelele nyingi ndio walio wengi?

Mwaka 1920 na 1921, mwanafizikia kijana wa Kihindi, Meghnad Saha, mtoto wa familia maskini katika nchi iliyokuwa bado inatawaliwa, alichapisha hesabu iliyoonyesha jinsi joto linavyozinyang'anya atomu elektroni zake. Maana yake ni nini? Maana yake atomu haiachi mstari wake wakati wote. Inauacha ikiwa katika hali fulani, na hali hiyo inategemea joto. Cecilia aliichukua hesabu ya Saha akaishusha juu ya vioo vya Harvard. Kwa miezi mingi alikaa na vile vitepe, mchana na usiku, akikadiria ukolevu wa mstari mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwa upana ule.

Jibu la kwanza lilitoka zuri sana: makundi ya Annie Cannon ni ngazi ya joto. Nyota zinatofautiana rangi na mistari hasa kwa sababu zinatofautiana joto, na vilivyomo ndani yake havitofautiani sana. Hilo peke yake lingetosha kuwa kazi ya maisha.

Jibu la pili ndilo lililoleta matata. Nisikilizeni vizuri hapa. Mistari ya hidrojeni tunayoiona kwa macho huachwa na atomu ambayo elektroni yake imekwisha kupanda ngazi moja. Kwenye uso wa Jua, nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, hidrojeni iliyopanda ngazi hiyo ni kama atomu moja katika kila milioni 200. Moja! Zilizobaki zimekaa kimya. Na bado mistari yake tunaiona, imekolea.

Sasa fikiria uko nje ya uwanja, umezungukwa na ukuta, huoni ndani. Umeambiwa humo anayefungua kinywa ni mtu mmoja tu katika kila milioni 200. Na wewe unasikia kelele. Uwanja huo una watu wangapi?

Hesabu ilimwambia Cecilia hivyohivyo. Elementi nyingine zilikaa kwa uwiano unaofanana na wa Dunia, kama wakubwa walivyotarajia. Hidrojeni na heliamu ziliruka nje ya karatasi. Aliziweka katika jedwali la elementi 18, kwa namba ambazo kila ikipanda moja, wingi unaongezeka mara kumi. Chuma, 4.8. Kalisi, 4.8. Heliamu, 8.3. Hidrojeni, 11. Toa 4.8 katika 11. Hidrojeni ilizidi chuma zaidi ya mara milioni.

Shapley alituma mswada wa tasnifu ya Cecilia, ile iliyokuja kuwa kitabu nilichokitaja, kwa Henry Norris Russell wa Princeton, aliyekuwa mtaalamu mkubwa kuliko wote Marekani katika mambo ya nyota. Januari 1925 Russell akajibu. Aliisifu kazi. Lakini juu ya hidrojeni aliandika kwamba ni wazi haiwezekani iwe nyingi kuliko metali mara milioni.

Haiwezekani.

Jiwekeni mahali pake. Una miaka 24. Uko ugenini. Unaishi kwa ufadhili wa mwaka hadi mwaka. Mtu ambaye neno lake moja linaweza kukupa au kukunyima kazi katika nchi nzima amesema haiwezekani. Tunayo methali yetu, mwenye nguvu mpishe. Tunafundishwa tukiwa wadogo, na mara nyingi imetuokoa.

Cecilia akampisha. Akaandika katika tasnifu yake kwamba wingi huo mkubwa wa hidrojeni na heliamu karibu kwa hakika si wa kweli.

Nataka niwe mwadilifu kwa Russell. Hakuwa mwovu, wala hakusema kwa wivu. Alikuwa na sababu zake za kifizikia, na hata ile milioni haikuwa sahihi kabisa; vipimo vyetu vya leo vinatoa kama atomu 30,000 za hidrojeni kwa kila atomu moja ya chuma kwenye Jua. Hata Eddington, yuleyule wa usiku wa darubini, Cecilia alipomwambia kwa furaha kwamba hidrojeni ndiyo nyingi kuliko zote ndani ya nyota, alimjibu kwamba bila shaka anamaanisha juu ya nyota, si ndani. Watu wema, watu wenye akili nyingi, wakamrudisha mlangoni. Hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi. Angerudishwa na mjinga, tungejua la kufanya.

Miaka minne baadaye, 1929, Russell alitumia njia nyingine, akafika palepale: hidrojeni ndiyo nyingi kuliko zote. Katika makala yake alimtaja Cecilia na kukiri kwamba namba zao zinakubaliana. Lakini kwa miaka mingi watu walikumbuka jina la Russell.

Niwaambie jambo la kwangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nachakata vipimo vya mwanga wa nyota inayobadilikabadilika. Safu moja ya namba haikukaa. Ilikuwa juu mno kuliko nyingine zote, usiku mmoja mzima. Nikamwonyesha aliyenisimamia. Akatazama nusu dakika akasema haiwezekani, chombo kilikosea, ziondoe. Nikaziondoa. Sikuweka nakala. Sikuandika pembeni kwamba zilikuwapo. Pengine kweli chombo kilikosea. Sitajua kamwe, kwa sababu hakuna tena cha kuangalia. Nimebaki na kumbukumbu ya kidole changu kwenye kitufe cha kufuta.

Ndiyo maana jedwali la Cecilia Payne linanishika koo kila ninapolitazama. Aliandika sentensi ya kuzikana zile namba. Lakini namba hakuzifuta. Mnanielewa? Hakuzifuta! Hakuzipunguza zikae vizuri machoni pa Russell, hakuandika 5 mahali pa 11. Aliinamisha maneno, akaacha namba zimesimama. Mtu yeyote aliyefungua kitabu, mwaka wowote, aliikuta hidrojeni pale juu, 11, inasubiri.

Na msidhani nasema aliridhika. Uzeeni aliandika kwamba lawama ni yake mwenyewe, kwamba aliinamia mamlaka wakati akiamini yuko sahihi, na kwamba analiandika liwe onyo kwa vijana: ukiwa na hakika na ushahidi wako, utetee. Mimi sina moyo wa kumlaumu kama alivyojilaumu. Ninachowaomba ninyi ni kile alichoweza kukifanya hata siku ile aliyoshindwa. Weka kipimo. Siku ukikosa nguvu ya kukitetea, angalau kisitoke kitabuni.

Maisha yaliyofuata nitayapitia kwa haraka kidogo, ingawa yalikuwa marefu.

Shahada yake ya uzamivu ilitolewa na Radcliffe, chuo cha wanawake, kwa sababu Harvard haikuwa ikiwapa wanawake shahada zake. Baadaye Otto Struve, mwanaastronomia mkubwa, aliiita tasnifu hiyo kuwa inayong'aa kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika astronomia. Lakini miaka ile ya mwanzo aliyeiandika alilipwa kama msaidizi wa kiufundi. Alifundisha, na masomo yake hayakuorodheshwa katika kitabu cha masomo cha chuo mpaka mwaka 1945. Rais wa chuo wa wakati ule alisema kwamba Bibi Payne hatapewa cheo maadamu yeye, rais, yu hai. Kuna wakati mkono ulikauka mpaka akaweka rehani vito vyake na fidla yake. Fidla! Mtu aliyepima nyota anahesabu siku mpaka malipo, fidla iko kwa mkopeshaji.

Mwaka 1933 alikwenda Ulaya, na huko Göttingen, Ujerumani, Hitler akiwa ameshika madaraka, akakutana na Sergei Gaposchkin, mwanaastronomia Mrusi asiye na pa kurudi wala pa kubaki. Sergei akayaandika maisha yake kwenye karatasi, akampa Cecilia. Cecilia alirudi Marekani akamhangaikia viza na kazi mpaka akaja. Machi 1934 wakaoana. Wakapata watoto watatu, na watoto wakakulia kwenye kituo cha darubini, wakikimbia koridoni, na wakubwa wengine wakinung'unika. Wanawake mliowahi kwenda kazini na mtoto mgongoni mnajua minong'ono hiyo inavyosikika.

Yeye na Sergei na wasaidizi wao walifanya vipimo zaidi ya milioni moja na robo vya nyota zinazobadilika mwanga, kisha wakaongeza milioni mbili vya nyota za Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu. Milioni, kwa macho, kwenye vioo. Tunapotaja ugunduzi wake wa ujana huwa tunalisahau hili, lakini mimi naona humu ndimo alimoishi. Ule wa 1925 ulikuwa miezi. Huu ulikuwa kila siku, miongo kwa miongo, mwanamke ameinama na lenzi.

Mwaka 1956 akapewa uprofesa kamili, wa kwanza kwa mwanamke kupandishwa cheo hicho kutoka ndani ya kitivo kile cha Harvard, na kisha akawa mkuu wa idara, wa kwanza pia. Hesabuni wenyewe: kutoka 1925 mpaka 1956.

Mwaka 1976 Chama cha Astronomia cha Marekani kikamtunuku heshima yake ya juu ya maisha yote, ambayo mtunukiwa hutoa mhadhara. Heshima hiyo ina jina. Inaitwa kwa jina la Henry Norris Russell. Alisimama akiwa mzee, chini ya jina la mtu aliyemwambia haiwezekani, na hakutumia saa ile kudai deni. Alizungumzia malipo ya mwanasayansi kijana, kwamba ni ule msisimko wa kuwa mtu wa kwanza katika historia ya dunia kuona kitu au kukielewa kitu. Alifariki Desemba 1979.

Kabla hamjaondoka. Pale mezani, upande wa kulia, nimeweka nakala ya ule ukurasa wenye jedwali. Elementi 18, namba ndogondogo. Nimeweka na lenzi ya kukuza, na picha ya vitepe vya nyota iliyotolewa kwenye kioo kimoja cha zamani, mkajaribu kuutafuta mstari wa hidrojeni kwa macho yenu. Utachukua muda, msikate tamaa, macho huzoea.

Foleni itaanzia nyuma. Ninyi mabinti wa kiti cha mwisho, nilisema tutaonana. Inukeni, njooni, ninyi kwanza.